Nguo ya Mwezini ya Papa Télesphore

Habari hii nilipewa na Ghislaine mwenyewe, mwaka huu, mvua za Septemba zilipoanza, tumekaa barazani kwangu Cimpunda, hapa Bukavu, tukichagua mchele wa Luberizi. Yeye alikuwa akitoa mawe, mimi natoa maganda. Alianza kusema bila kuulizwa, na kila alipofika mahali pagumu aliinama zaidi juu ya ungo, kana kwamba jiwe analolitafuta ni dogo mno. Sikumharakisha. Mchele ulikuwa mwingi.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya misa. Jumamosi iliyofuata ndugu za Dany, mchumba wake, walikuwa waje kwao Ghislaine kuleta dote, yaani mahari. Kwa hiyo msichana alipaswa kuwa na furaha, na watu waliomwona akishuka njia ya Panzi na sufuria yake ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mikononi walidhani ni furaha inayomfanya atembee polepole namna ile. Haikuwa furaha. Tangu kilio cha Papa Télesphore, baba yake Dany, kulikuwa na neno limemkaa kifuani kama mfupa wa samaki, halipandi wala halishuki.

Mlango wa Dany ulikuwa wazi. Yeye alikuwa amepiga magoti chini, mgongo kwa mlango, lakini alijua ni nani.

"Unaingia kama paka," alisema. "Kuya, mais angalia fasi unakanyaga." Ghislaine akaingia akichagua pa kukanyaga.

Chumbani mlikuwa na giza la mchana. Dirishani alikuwa ametundika kitambaa cheusi chenye matundu madogo madogo, na jua lililopita humo lilimwaga nyota ukutani, juu ya kitanda, juu ya shati lake jeupe la misa. Ghislaine alikijua kitambaa hicho. Siku ya kwanza Dany alipomleta humu, alimsimamisha mbele yake akamwambia, "Hii ndiyo mbingu. Ku filme unaona nyota mingi, unasema Mungu iko mukubwa. Kumbe ni mama mumoja na sindano yake, na taa nyuma." Nyota moja ilikuwa imetua juu ya mdomo wa Ghislaine, na Dany aliiangalia kwa muda mrefu kuliko nyota inavyostahili. Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia.

Kazi ya Dany ni kupiga video za harusi. Mikono yake ni mirefu, macho yake hutulia juu ya mtu kama mtu anayepima atamweka wapi ili aonekane vizuri. Lakini kilichokuwa kimeshika roho yake si harusi. Zilikuwa filamu za zamani za safari za mwezini na za wanyama wa nyota nyingine, zile ambazo wazungu walizitengeneza kabla ya kompyuta. Tena si filamu zenyewe. Yeye alikusanya vilivyobaki nyuma ya kamera. Alikuwa na chombo cha kwendea angani kilichoundwa kwa makopo ya maziwa na meno ya uma. Alikuwa na mkono wa mpira wenye vidole vinane. Alikuwa na kibao cha kugongesha mbele ya kamera, michoro ya penseli ya mtu aliyepanga vita vya nyota akiwa na baridi yabisi ya vidole, na picha moja ambayo Ghislaine aliipenda kuliko zote: jini la kutisha limekaa kwenye benchi, limeweka kichwa chake mapajani, na kutoka shingoni kimetokea kichwa kingine, cha mzee mwenye upara, anakunywa chai. Ili kuvipata aliwaandikia wazee wa mbali waliozifanya kazi hizo, nao wakawapa wasafiri wamletee, kwa sababu ya furaha ya kusikia kwamba kuna mtu huko Bukavu anayewakumbuka.

"Filme inaonyesha uongo muzuri," Dany alikuwa akisema. "Hizi zinaonyesha batu." Yaani watu walioutengeneza uongo huo.

Baba yake ndiye aliyemwambukiza. Papa Télesphore alizeeka akionyesha filamu katika sinema ya zamani ya mjini. Lakini kabla ya hapo, akiwa kijana, alibeba mizigo ya wazungu waliokuja kutengeneza filamu ya mwezini juu ya mawe meusi ya volkano, kule mwisho wa ziwa. Mchezaji wao mkuu hakuliweza jua. Télesphore alikuwa na urefu sawa na wake. Basi walimvika yeye nguo ya pili ya mwezini, inayong'aa kama sufuria mpya, akasimama juani saa nzima huku wao wakipanga taa na vioo. Kila kitu kikiwa tayari, mzungu anatoka hemani, Télesphore anasogea pembeni. Katika filamu huoni hata kidole chake. Walipoondoka walimwachia nguo ile, na picha moja: kijana ndani ya nguo ya mwezini, kofia kubwa ya kioo kwapani, hindi la kuchoma katikati ya meno. Ndani ya ukosi kulikuwa na utepe wenye majina mawili, la yule mchezaji, na chini yake Télesphore.

"Kazi yangu ilikuwa kusimama fasi ya mutu," mzee alikuwa akisema akicheka, "mpaka mwangaza ukae muzuri."

Sasa Dany aligeuka. Mbele yake sanduku kubwa la bati lilikuwa wazi, na vitu vyote vimepangwa sakafuni.

"Haiko," alisema.

"Nini?"

"Nguo ya papa."

Ghislaine aliweka sufuria juu ya meza. Aliiweka taratibu sana, kana kwamba ndiyo yenye kuweza kupasuka.

"Tangu matanga sikuweza kufungua hii sanduku," Dany aliendelea. "Unajua. Kila siku nasema kesho. Jana nikasema, bon, samedi ni dote, wacha nifungue. Nilikuwa na mawazo. Kwenu siku ile, baba wa mwanaume ndiye anakaa mbele. Wangu haiko tena. Nikasema nitaweka nguo yake ku kiti, na photo pembeni. Ikuwe kama amekaa na sisi."

"Umeangalia muzuri?" aliuliza Ghislaine, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza, kwa sababu swali lile lilikuwa uongo.

"Tangu jana naangalia. Kisha nikapigia tantine Georgette, dada ya papa, simu, kule Miti. Unajua aliniambia nini? 'Niligawa.' Vile tu. Eti siku ya kufua nguo za marehemu aligawa pamoja na zingine. Alimupa tonton Firmin, ndugu yetu wa Kamituga, ju ya kukinga mvua. Anapandia nayo pikipiki yake ya kubeba batu." Dany alisimama, akakaa tena. "Ju ya mvua, Ghislaine."

"Pengine hakujua ni nini."

"Ndiyo nilimuuliza. Tantine, bamama walijaa pale, hukuuliza hata mumoja? Akanyamaza, mpaka nikafikiri réseau ya simu imekata. Kisha akasema, 'Hapana, mwanangu. Sikuuliza mutu. Niligawa kwa kichwa yangu mwenyewe.'"

Ghislaine akakaa ukingoni mwa kitanda, katikati ya nyota. Kwa sababu Georgette aliuliza. Aliuliza, na aliyeulizwa alikuwa yeye.

Kwao Dany desturi iko hivi: marehemu akishazikwa, wanawake hufua kila nguo aliyoiacha, hata soksi, kisha dada yake huzigawa kwa ndugu. Mchumba anayeitwa kufua siku hiyo anajua kwamba anaangaliwa: anavyokamua, anavyotundika, anavyoinama mbele ya wakubwa. Ghislaine aliitwa. Mama yake, Mama Christine, alikuja pia kutoa pole, akapewa kiti karibu na bomba. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini kusimamisha msalaba, na Dany pamoja nao.

Nguo ya mwezini haikuwa sandukuni siku hiyo. Na aliyeitoa sandukuni, bila Dany kujua, alikuwa Ghislaine. Yeye hufanya kazi katika duka la dawa, na siku za mwisho za mzee alikuwa akipita kila jioni kumletea dawa zake. Siku moja mzee alimwomba aitundike nguo ile ndani ya kabati, na kabati liachwe wazi, aione kutoka kitandani. "Angalia mwenzangu," alimwambia. "Mimi nakonda, yeye hapana." Walicheka wote wawili mpaka mzee akakohoa.

Basi wanawake walipolimwaga kabati lile, nguo ikatoka na mashati. Tantine Georgette aliiinua juu kwa mikono miwili, nayo ikawaka juani.

"Eh, muzee alikuwa pilote?" mmoja aliuliza.

"Hapana, hii ni ya kuvunia asali," mwingine akajibu.

Ndipo Mama Christine, kwenye kiti chake, akatia neno. Yeye tangu mwanzo hakumtaka mkwe yule. Alikuwa akimwuliza binti yake kila siku kama kweli atazaa watoto katika chumba chenye mkono wa vidole vinane. "Muache," alisema, "hii ni ya bamukwe wangu. Watapeleka mutoto wangu mwezini. Pengine kule barabara iko muzuri kushinda ya Cimpunda."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Ghislaine alikuwa na povu hadi viwiko, uso unamwaka. Georgette peke yake hakucheka. Alisogea karibu, akainama, akauliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Binti yangu, weye ndiye ulikaa naye siku za mwisho. Hii nguo iko na mwenyewe?"

Mama yake alikuwa akimwangalia. Wote walikuwa wakimwangalia.

"Sijui, tantine," alisema Ghislaine.

Alipofika hapo katika kunisimulia, aliacha kabisa kuchagua mchele. Aliniambia kwamba kama ingekuwa haya tu, pengine angejisamehe. Lakini kulikuwa na kingine. Ndani kabisa sauti ndogo ilimwambia: iache iende. Leo nguo, kesho huo mkono wa mpira, na mwishowe utabaki na mwanaume kama wa wenzako, ambaye mama mkwe wake hamcheki. Georgette alimtazama kitambo, kisha akamkabidhi nguo aifue. Na Ghislaine akaifua. Aliisugua kwa sabuni, maji yakatoka meusi. Akabadilisha maji, yakatoka meusi tena. Lilikuwa vumbi la mawe ya volkano, limekaa katika mishono tangu ujana wa mzee. Alilimwaga mferejini, akaitundika nguo kwa ustadi, mikono ikitazama chini, na shangazi mmoja akasema, "Huyu anajua kufua."

"Ghislaine."

Alishtuka. Dany alikuwa amesimama mbele yake, simu mkononi.

"Nasema, nampigia tantine sasa. Namuambia asikuye samedi. Mutu aliyetupa baba yangu hawezi kunibebea dote."

"Dany, ni yeye alikulea."

Na ni kweli. Mama yake Dany alikufa angali anatambaa, na Georgette ndiye aliyemlisha uji na kumfundisha kusema pardon. Siku ya dote shangazi ndiye anayetangulia, ndiye anayetamka neno la kumwomba msichana. Kumwambia abaki nyumbani ni kumwambia kwamba hakulea mtu.

"Ndiyo sababu inaniuma," alisema Dany. "Angekuwa mutu mwingine, ningenyamaza. Jana nilimsikia analia ku simu, na sikumwambia nyamaza." Alikaa karibu naye, akamshika kidole kimoja tu, kile cha pete, ambacho kilikuwa bado hakina pete. Nyota ndogo ilitetemeka juu ya shavu lake. "Niambie neno moja tu. Sema uko pamoja na mimi, napiga."

Alimwangalia kwa macho yale yanayojua kumweka mtu mahali pazuri. Ghislaine alitamani dunia isimame hapo, na kidole chake mkononi mwa Dany, na sombe ikipoa juu ya meza. Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Neno moja tu, kisha mwanamke mzee wa Miti abaki na hasira ya Dany mgongoni mpaka ajifie nayo, na yeye aolewe.

"Usipige," alisema.

"Ju ya nini?"

"Aliuliza."

"Nani aliuliza?"

"Tantine. Siku ya kufua. Aliuliza kama nguo iko na mwenyewe. Aliniuliza mimi. Mimi ndiye nilijibu sijui."

Dany hakuachia kidole mara moja. Alikiachia polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Kisha akasimama, akaenda dirishani, akakishusha kile kitambaa cheusi. Nyota zote zikazimika na jua la kawaida likaingia, likaonyesha vumbi, makopo ya maziwa, na uso wa Ghislaine jinsi ulivyokuwa.

"Rudia," alisema. "Nikuone ukisema."

Alirudia. Alisema yote: kicheko, mama yake kwenye kiti, maji meusi, hata ile sauti ndogo ya ndani. Angeweza kuiruka ile, hakuna aliyeijua. Hakuiruka.

"Ulinionea haya," alisema Dany.

"Ndiyo."

"Mbele ya mama yako."

"Mbele ya mama. Mbele ya wote."

"Siku zote hizi unakaa hapa, unashika vitu vyangu na mikono miwili sawa mayai. Ulikuwa unacheza teatri?"

"Hapana. Humu ndani nilikuwa navipenda. Nje ndiko nilishindwa kuvipenda."

"Na mimi? Mimi pia ni wa ndani tu?"

Machozi yalimjia Ghislaine na hakuyafuta, kwa sababu aliona kuyafuta kungekuwa kuomba huruma.

"Papa alikupenda," alisema Dany. "Kila jioni ananiuliza, binti amefika? Na nguo yake umeifua vumbi yote, ukaitoa. Bon. Nguo ni nguo. Ningelia, ningekula, ningelala. Mais miezi yote hii unanyamaza. Jana namutukana tantine ku simu, yeye anajua ni weye, na ananyamaza. Anakubali matusi. Amekaa pale juani, amesimama fasi ya–"

Hakumaliza. Wote wawili walisikia ni maneno ya nani. Ukutani, kijana wa kwenye picha aliendelea kutafuna hindi lake.

Simu ikalia mkononi mwa Dany, mlio mfupi wa ujumbe. Tangu jana alikuwa akimtafuta tonton Firmin, na Kamituga mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Dany aliangalia. Aliangalia kwa muda. Kisha akakaa chini sakafuni, katikati ya vitu vyake, mabega yakaanza kutikisika, na Ghislaine hakujua kama ni kucheka au ni nini.

"Angalia," alisema, akimnyooshea simu bila kumtazama.

Ilikuwa picha. Mwanaume mnene amekaa juu ya pikipiki katikati ya barabara iliyogeuka kuwa uji, ndani ya nguo ya mwezini. Matope yamempanda mpaka kifuani. Mikono ya nguo imekatwa hadi kwenye viwiko. Kofia ya pikipiki kwapani, na kati ya meno yake, hindi la kuchoma.

Chini yake kulikuwa na sauti. Dany aliibonyeza.

"Dany mwanangu, nimepata habari yako. Hii nguo ya baba yako ni dawa. Mvua haiingie kabisa. Batu hapa wananiita Mutu wa Mwezi, na baclient wanapenda kupanda na mimi ju wanasema siwezi kupotea. Mikono nilikata kidogo, ju ya joto, unisamehe. Jina yake ndani ya ukosi nimeiacha. Inaanza kufutika, mais nikivaa naigusa kwanza. Kama unataka nguo, samedi nitakuya nayo. Nitaivaa njiani, sina ingine."

Dany aliisikiliza tena. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa shati la misa.

"Vaa viatu," alisema. "Tunaenda Miti."

"Mimi pia?"

"Weye ndiye uko na neno kule. Mimi niko na yangu. Na beba ile sombe, tantine alilala bila kukula, namjua."

Walikwenda kwa pikipiki yake. Mvua ya kwanza ilikuwa inanukia upande wa Kabare. Kwa kawaida Ghislaine alimshika kiunoni, na tangu Panzi mpaka popote waendapo hakuwa na shida nyingine duniani. Siku hiyo hakujua aweke wapi mikono. Mmoja ulikumbatia sufuria, mwingine akaushikisha chuma cha nyuma, cha kufungia mizigo. Walipita hivyo mji wote bila neno. Karibu na Miti barabara ilijaa mashimo, pikipiki ikaruka, naye akapiga kelele kidogo. Dany hakugeuka. Alirudisha mkono mmoja nyuma, akautafuta ule mkono kwenye chuma, akauchukua na kuuweka kwenye mshipi wake.

"Sombe itamwagika," alisema.

Tantine Georgette alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu. Alipowaona wameongozana hakuuliza kitu. Ghislaine aliweka sufuria chini, akapiga magoti mlangoni kabla Dany hajafungua mdomo.

"Tantine, nimemwambia. Nilikudanganya siku ile, na jana umelala na matusi yaliyokuwa yangu. Naomba pardon."

Georgette aliendelea kumenya kiazi kile mpaka kikaisha.

"Nilijua unadanganya," alisema. "Mutu asiyejua nguo haishiki vile ulivyoishika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, angekuacha. Mimi ananikasirikia, kisha anarudi. Atarudi tu, ju ya njaa." Alimtazama Dany, ambaye alikuwa amesimama ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. "Mais msifikiri ilikuwa nyepesi. Nimelia, Ghislaine. Mimi mutu muzima, nimelia kwa neno ya mutoto niliyemfuta makamasi. Usinibebeshe tena."

"Sitakubebesha, tantine."

Dany naye alipiga magoti, akaishika miguu ya shangazi yake, na yale aliyomwambia aliyasema kwa Mashi, lugha ya kwao, chinichini. Ghislaine aliangalia pembeni, kwa kuwa hayakuwa yake. Mvua ilianza juu ya mabati, kwanza matone, kisha yote kwa pamoja.

Walikula sombe na viazi. Katikati ya kula, Georgette aliuliza kana kwamba anaomba chumvi:

"Sasa samedi nitaenda kuomba binti gani?"

Kijiko cha Ghislaine kilisimama. Kwa safari nzima hakuthubutu kuuliza hilo, na Dany hakulisema. Mwanaume alimwangalia. Alimwangalia kwa muda mrefu, si kama siku ya nyota. Alimwangalia kama anavyoziangalia picha zake za nyuma ya kamera, pale ambapo jini limevua kichwa na ndani kuna mtu aliyechoka.

"Huyu," alisema. "Aliyefua nguo ya papa."

Georgette aliitikia kwa kichwa, akaongeza kiazi kwenye sahani ya kila mmoja.

"Tonton Firmin atafika nayo samedi," Dany alimwambia Ghislaine. "Itakaa ku kiti ya mbele, na matope yake. Usiifue."

"Sitaifua."

"Na mama yako akicheka?"

"Nitasema ni ya nani, na alifanya nayo nini."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Dany. Nimesimama."

Hakutabasamu, ila alisogeza bakuli la sombe upande wake.

Mvua ilikataa kukatika, na barabara ya kurudi ilikuwa imeshakuwa mto. Georgette aliweka sufuria chini ya tundu moja la bati, akawaambia wapumzike mpaka ipungue. Dany alilala kwanza, kwenye kiti, kichwa kimeanguka pembeni, simu yenye picha ya Firmin kifuani. Georgette alijinyoosha kitandani, akamvuta Ghislaine karibu na ukuta kama mtoto wake, na baada ya kitambo akaanza kukoroma.

Ghislaine alibaki macho. Mfupa ulikuwa umetoka, lakini mahali ulipokuwa palikuwa bado panauma, na aliniambia panauma hata leo akisikia maji yakimwagwa mferejini. Alijua vumbi lile halirudi. Alijifunza kichwani maneno ya Jumamosi, akaona sura ya mama yake, akayaanza upya. Mvua ikapungua. Jua la jioni likatokea, likapita kwenye lile tundu la bati pamoja na matone ya mwisho, likaweka alama moja ndogo nyeupe juu ya shati la Dany. Aliiangalia ikipanda na kushuka na pumzi yake. Ilifika karibu na ukosi. Kabla haijafika shingoni, Ghislaine naye akawa amelala.